Brashi ya Nywele za Sikio la Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwanangu Suzana, baridi ya Songea imekaza mpaka rangi imekuwa nzito koponi, nami nimesimama mbele ya meza yangu mpya nimevimba kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mezani nilikuwa na kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichokuwa nakihitaji siku hiyo, na bado sikuwa nimejua.

Nimeikumbuka kwa sababu ya ile picha uliyonitumia juzi kwenye simu. Nilivaa miwani, nikaikuza, nikaiangalia tena na tena. Meza nyeupe, kiti cha kuzunguka, skrini mbili, taa yenye shingo ndefu, kijimti cha plastiki, kikombe cha kuweka kalamu ambazo sijui utaziandikia nini, maana wewe unachorea kwenye kompyuta. Chini yake umeandika, "Baba mkubwa, nikipata meza kama hii, kazi zitatoka zenyewe." Haya. Nikakuuliza kile kitabu cha picha cha watoto wa chekechea kimefikia wapi, kile ambacho walimu wao wanakisubiri tangu mvua za kwanza. Ukanijibu kwamba bado unapanga namna ya kuipata meza.

Nilicheka, kisha sikucheka tena. Nilijiona mimi mwenyewe mle ndani. Baba yako, Mungu amrehemu, angekuwepo angekuambia kwa ukali, maana mdogo wangu yule hakuwa na subira. Mimi nitakusimulia. Kaa chini, weka simu pembeni, na kama una chai kunywa taratibu, maana mimi nikianza huwa simalizi upesi.

Unajua kwamba nimeishi kwa kuandika vibao. Maduka, hoteli, magari, makanisa, maghala ya tumbaku, kuta za shule, vyote nimeviandika kwa mkono huu. Lakini aliyenifundisha humjui, alishatangulia kabla hujazaliwa. Aliitwa Fundi Damasi. Mtu mfupi, mweusi tii, mwenye kikohozi cha mvuta tumbaku na maneno machache. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa kwa sababu ya mwanga. Wakati huo hakukuwa na mashine za kuchapa mabango. Ukitaka jina lako lionekane mjini hapa, ulikuwa unakwenda kwa Fundi Damasi.

Meza yake ilikuwa kichekesho. Ubao wa mninga uliochakaa, mguu mmoja umewekewa tofali. Juu yake palikuwa na kopo la mafuta ya taa, kipande cha kanga kuukuu, na uzi uliopakwa vumbi la mkaa, ule unaouvuta na kuuachia ukaacha mstari ulionyooka. Palikuwa na fimbo ya mkono, yaani ufito wa mwanzi wenye kifundo cha kitambaa kwenye ncha moja. Kifundo unakiegemeza kwenye kibao, mkono unaulaza juu ya ufito, nao hautetemeki. Na palikuwa na brashi. Alikuwa nazo kadhaa za kupakia maeneo makubwa, lakini ya kuandikia herufi ndogo ilikuwa moja tu. Mpini wake ulikuwa umelika pale vidole vinaposhika, mpaka ukawa na kiuno.

Hiyo brashi ndiyo niliyokuwa naiosha kila siku. Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa kujifunza kwake, na Fundi alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku ya Krismasi: osha brashi kwanza, ndipo ule. Unaiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha unaipaka tone la mafuta ya alizeti na kuinyoosha ncha yake kwa vidole. Halafu unailaza. Huisimamishi kichwa chini ndani ya kopo, maana nywele zitapinda na hazitanyooka tena. Hata tukiwa tumechelewa, hata ugali na dagaa wa Nyasa vinapoa mezani, Fundi alikaa akinisubiri nimalize. Mimi nilikuwa nanung'unika moyoni. Nilijiambia, huyu mzee anaabudu kijiti.

Kwa sababu mimi nilikuwa na ndoto zangu, mwanangu. Nilikuwa nimeona ofisini kwa mchoraji mmoja wa ramani meza iliyonitoa udenda. Rula za kila aina, pembetatu za plastiki, wino wa rangi sita, taa ya kuinama, kalenda yenye picha ya mlima wenye theluji. Nikasema, kumbe huyu ndiye msanii! Ndiyo maana anavaa shati jeupe. Nikaanza kujibana. Nilipunguza hata sigara, na sigara nilikuwa nazipenda. Baada ya miezi mingi nikamwagiza dereva mmoja wa lori aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam aniletee vitu vile vile, pamoja na seti ya brashi kumi na mbili ndani ya kasha lenye kifuniko cha kioo.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokutana.

Wiki hiyo Fundi Damasi alisafiri kwenda Lusewa kuandika maghala ya tumbaku. Alichukua brashi zake zote kubwa na fimbo yake. Ile ndogo aliniachia. Aliishika kwanza, akaitazama, akaniwekea kiganjani, akasema, "Kastori, nimeandikia hii miaka kumi na moja. Nitarudi Jumamosi." Basi. Akaondoka.

Jumatano mchana nilikuwa namalizia kibao cha kinyozi. Brashi imejaa rangi nyeusi, herufi mbili za mwisho nimezimaliza hivi punde, mtu akaja mbio kuniambia lori limefika na mzigo wangu upo. Loh! Nilitupa brashi ndani ya kopo lililobaki masalia ya rangi, kichwa chini, nikatoka. Nilijiambia narudi sasa hivi. Kumbe dereva alikuwa na maneno mengi, na mimi nilikuwa na marafiki wawili wenye macho ya kutamani, tukabeba kasha kama mahari, tukapanga vitu juu ya meza niliyokuwa nimechongewa na seremala, humo humo karakanani. Rula hapa, wino pale, taa pembeni, kalenda ukutani. Tulisogeza taa mara kumi. Rafiki mmoja akaniambia, "Kastori, umeshakuwa mtu mkubwa." Nikaamini. Jioni nikafunga mlango nikaenda kwetu nikiimba, na brashi ya Fundi imelala imesimama ndani ya kopo.

Alhamisi saa mbili asubuhi, kijana aitwaye Kanisius aligonga mlango. Alikuwa amebeba msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, nilimfahamu, kwao walikuwa wakikaa Mshangano, sio mbali na hapo unapokaa wewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Oliva ametutoka," akasema. "Tunazika saa nane. Mama ameomba jina liandikwe vizuri."

Oliva alikuwa mdogo wake, binti wa miaka kumi na tisa. Malaria ilimchukua kwa siku nne. Nilimwambia pole, nikampokea msalaba kwa mikono miwili kama inavyopasa, nikamwambia aje saa sita. Unajua mwenyewe desturi yetu. Msalaba hutangulia mbele ya jeneza, na anayeubeba huuelekeza kwa watu, ili njia nzima wasome nani anapita. Ukifika kaburini unasimikwa kichwani, na huo ndio mlango wa yule mtu kuanzia siku hiyo. Sio kibao cha kinyozi.

Nikaenda kuchukua brashi. Mwanangu, ilikuwa ngumu kama msumari. Rangi ilikuwa imekauka kuanzia ncha mpaka kwenye bati linaloshika nywele, na nywele zimepinda zote upande mmoja. Jasho jembamba lilinitoka na baridi yote ile. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa, nikaisugua, nikaigonga kwa jiwe, nikakata ncha kwa wembe. Nywele zikaanza kung'oka kwa mafungu. Kufikia saa nne nilikuwa nimebakiwa na mpini wenye kiuno na mabua machache.

Nikajifariji. Si nina brashi kumi na mbili mpya? Nikafungua kasha la kioo. Zilikuwa nzuri, zina mipini myekundu. Lakini zilikuwa brashi za rangi ya maji, za wanafunzi, na mimi sikujua tofauti. Kwenye rangi ya mafuta zililegea, zikafunguka miguu. Rangi nayo ilikuwa nzito kwa baridi, nikaizimua kwa mafuta ya taa, nikazidisha. Herufi ya kwanza ikachuruzika. Nikaifuta, ikaacha doa kwenye ile nyeupe. Nikaandika juu ya doa. Ikachuruzika tena. Kila nilipotengeneza niliharibu zaidi, mpaka jina la Oliva likawa matope meusi yenye miguu mirefu inayoshuka mpaka chini ya msalaba.

Saa sita Kanisius alikuja. Aliutazama msalaba. Hakunitukana, na heri angenitukana. Hapakuwa na muda wa kutafuta mwingine, kaburi lilishachimbwa na padri ameshafika. Akaubeba.

Nilikwenda mazikoni. Kwa nini nilikwenda sijui, miguu ilinipeleka. Nilitembea nyuma kabisa, na mbele nilikuwa nauona ule msalaba ukiyumba juu ya vichwa vya watu. Wanawake waliokuwa kando ya barabara walikuwa wanaukodolea macho wasijue nani anapelekwa. Nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Nani huyo?" Mwenzake akasema, "Sijui, haisomeki."

Baada ya mazishi watu walipokuwa wanaweka maua, Mama Oliva alinyanyuka pale alipokuwa ameshikwa na ndugu zake. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake ya chini. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Kastori," akasema, "mwanangu alikuwa na jina."

Hayo tu. Hakulia alipokuwa anayasema. Mimi ndiye niliyelia, njia nzima kutoka Mshangano mpaka mjini, mwanaume mzima, napishana na watu wananiamkia na mimi siitikii.

Jumamosi Fundi Damasi alirudi. Nilimpokea mzigo, shikamoo yangu haikutoka vizuri. Alikuwa ameshasikia, habari zilimkuta hata kabla hajashuka kwenye gari. Aliingia, akavua kofia, akasimama mbele ya meza yangu. Akaanza kunyanyua kimoja kimoja.

"Hiki kinafanya nini?"

"Ni pembetatu, Fundi."

"Umeitumia lini?"

"Bado."

"Na hii?"

"Ni taa, Fundi. Ya kuinama."

"Umeme uko wapi?"

Karakana haikuwa na umeme, mwanangu. Sasa hivi nacheka, siku ile nilitamani sakafu ipasuke. Alipita vitu vyote, mpaka kalenda ya theluji. Akamaliza kwa kuuliza, "Meza ni ya nani?"

"Ya kwangu, Fundi."

"Basi iambie iandike."

Halafu akaomba brashi yake. Nilimpa ule mpini na yale mabua. Aliugeuza kiganjani, akapitisha kidole gumba pale kwenye kiuno, akautia mfuko wa shati. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa au kufukuzwa. Alikohoa tu, akakaa kwenye kigoda chake na kuangalia nje. Nilielewa siku ile kwamba nimemvunja mtu moyo, na nikaelewa kwamba kumvunja mtu moyo hakuna kelele.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda pamoja kwa Mama Oliva kuomba msamaha. Fundi akamwambia, "Mama, mimi ninaweza kuliandika hilo jina kesho. Sema wewe."

Mama Oliva alifikiri. Akasema, "Aliyeharibu ndiye alitengeneze. Lakini siku ya arobaini ndugu zangu wanakuja, na wengine hawakuwahi kumzika. Wakute jina la mtoto wangu linasomeka."

Basi nikawa na siku thelathini na saba, na sina brashi. Za kuandikia herufi zilikuwa hazipatikani Songea wakati huo. Ile ya Fundi alipewa na bruda mmoja wa misheni ya Peramiho aliyekuwa amefanya naye kazi ya useremala, na bruda mwenyewe alishahama. Nikamuuliza Fundi nifanye nini. Akaniambia, "Ng'ombe ana masikio mawili." Nikadhani amechoka nami.

Kumbe nywele zinazoota ndani ya sikio la ng'ombe ni laini na zina nguvu, na zinabeba rangi ya mafuta bila kulegea. Fundi alijifunza hilo Peramiho. Akanituma machinjioni. Acha we! Wachinjaji walinicheka mpaka wakashika mbavu. Kila asubuhi mimi na mkasi wangu, naomba masikio. Walinipa jina la utani ambalo sitakutajia. Nilizikata nywele, nikazichemsha kwa sabuni, nikazichambua moja moja kwa urefu juu ya karatasi nyeupe. Hapo ukipiga chafya umeanza upya. Unazifunga kwa uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, unaziingiza kwenye kijiti cha mwanzi mwembamba, ule wa kwetu tunaogema pombe ya ulanzi, unakaza tena.

Ya kwanza ilitawanyika. Ya pili ilikuwa inaacha nywele kwenye kila herufi. Ya tatu ilikuwa nene mno. Siku zinakwenda, na mimi kila Jumapili kanisani nakutana na Mama Oliva, ananiangalia tu. Meza yangu mpya nilikuwa nimeshaisafisha. Fundi aliniambia, "Toa kila ambacho hukukigusa leo." Nilitoa rula, nikatoa pembetatu, nikatoa taa na kalenda. Zile brashi kumi na mbili niliwapa watoto wa jirani. Mwisho nilibaki na meza tupu, kopo, kitambaa, uzi wa mkaa na fimbo ya mkono niliyojitengenezea. Cha ajabu, mwanangu, nilianza kufanya kazi. Nilikuwa nakaa tu mikono inaanza, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusogeza.

Ya nne niliijaribu siku ya thelathini na nne. Niliichovya, nikavuta mstari kwenye kibao cha zamani. Ikaenda. Nikavuta mwingine, ikageuka nami pale nilipotaka kugeuka. Nilipiga kelele. Fundi alikuja, akaijaribu, akaandika herufi moja tu, O. Akairudisha akasema, "Ioshe." Na mimi nikajua amenisamehe.

Kesho yake asubuhi nilipanda Mshangano peke yangu. Msalaba nilikuwa nimeshaupaka upya rangi nyeupe pale pale uliposimama, maana Mama Oliva hakutaka ung'olewe. Nikavuta uzi wa mkaa, nikaegemeza fimbo. Lakini upepo wa mwezi wa saba unaujua. Vumbi la barabarani lilikuwa linakuja moja kwa moja kwenye rangi mbichi. Nilikaa pale nimeshika brashi sijui nifanye nini. Nikasikia hatua nyuma yangu. Mama Oliva alikuwa amekuja bila kuniambia. Alifungua kanga yake ya juu, akasimama upande wa upepo, akaitandaza kwa mikono miwili.

"Andika," akasema.

Nikaandika. Alisimama vile karibu saa nzima, mikono imenyooka, hakuishusha. Wakati naandika alikuwa ananisimulia. Kwamba Oliva akiwa mdogo alikuwa hawezi kupita mjini bila kusoma vibao kwa sauti, kila kibao, mpaka unachoka naye. Kwamba vya kwetu alikuwa anavipenda kwa sababu herufi zake zimenenepa. "Alikuwa anasema herufi zenu zimeshiba," akasema Mama Oliva, na hapo ndipo alipolia. Sikugeuka. Fundi alinifundisha kwamba herufi ukiianza unaimaliza. Nilimaliza jina, nikamaliza tarehe zake mbili, nikainuka. Yeye akashusha kanga, akalisoma jina kwa sauti, pole pole. Siku ya arobaini ndugu zake wa Lusewa walilisoma wote.

Sasa, Suzana, usije ukanielewa vibaya. Sikuambii vitu ni vibaya. Mimi nina redio mezani pangu, ina miaka mingi, bila hiyo siandiki vizuri. Nina kikombe cha bati ambacho mama yako mkubwa alinipa tulipooana, chai yake haipoi haraka. Nina mto wa kukalia kwa sababu ya mgongo. Kila mtu wa kazi ya mikono na akili ana vitu vyake vidogo anavyovipenda, na ukivichukua anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Huo sio ugonjwa. Vitu hivyo vimekaa pale kwa sababu kazi iliviita kimoja kimoja. Wewe unataka kuviita vyote kabla kazi haijaanza, halafu vikishajaa unatumia siku nzima kuvipanga.

Ukiniuliza ufanye nini, nitakuambia waziwazi. Leo hii kaa kwenye meza uliyonayo, hata kama ni ile ya kulia chakula, chora ukurasa mmoja wa wale watoto. Ukimaliza, angalia ulishika nini. Hivyo ndivyo vifaa vyako. Viweke mahali mkono unapovipata bila macho kuvitafuta. Kile kinachokusumbua kila siku, kiti kinachokuumiza mgongo kwa mfano, kitengeneze au ununue kingine, na hapo hata mimi nitakuchangia. Vingine ngoja. Na kile kimoja ambacho bila chenyewe huwezi kazi, kijue kama unavyomjua mama yako. Sijui kwenye kompyuta kinaitwaje. Kama ni ile kalamu yako ya kuchorea, ifute, ichaji, ifunike. Kama ni kazi zenyewe zilizo ndani, zihifadhi mahali pawili kabla hujanyanyuka. Fanya hivyo kabla hujala. Utanung'unika kama mimi nilivyonung'unika. Nung'unika huku unafanya.

Na usisahau kwamba upande wa pili wa meza kuna mtu. Mimi nilimsahau kwa mchana mmoja tu. Kuna mtoto wa chekechea hajawahi kuwa na kitabu chenye picha za nyumba kama ya kwao, na anakingoja. Yeye hajui una skrini ngapi.

Ile brashi bado ninayo. Mwanzi ni ule ule, umeshakuwa na kiuno. Nywele nimezibadilisha mara sita, na wachinjaji wa sasa ni wajukuu wa wale walionicheka, wananicheka vile vile. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, napanda Mshangano kurudia jina la Oliva. Msalaba sasa ni wa saruji, Kanisius aliutengeneza. Mama Oliva bado yupo. Anakuja na mkongojo, anakaa kwenye kigoda upande wa upepo, na kanga anaitandaza magotini kwa sababu mikono haiwezi tena kunyooka. Haizuii chochote, lakini anaitandaza.

Novemba iliyopita mkono wangu ulitetemeka hata juu ya fimbo. Herufi ya mwisho ilikwenda pembeni kidogo. Nilifikiri hakuona, macho yake yameingia ukungu. Akaniambia, "Kastori, umechoka. Nani ataliandika wewe ukishindwa?"

Nikamwambia nina binti Mshangano hapa hapa, mtoto wa mdogo wangu, ana mkono mzuri kuliko wangu. Akauliza, "Anafanya kazi?" Na mimi, mwanangu, nilisita kumjibu. Nisaidie nimjibu mwaka huu.

Maliza kitabu cha watoto, kisha njoo. Nitakupeleka machinjioni, utachekwa kidogo, utatengeneza ya kwako. Mungu auimarishe mkono wako na akupe mwanga wa kutosha pale unapokaa. Vifaa vyako vikuzoee mpaka vipate kiuno. Usikose wa kukukingia vumbi siku ya upepo, na kila jina litakalopita mkononi mwako lisomeke.